Ni paka tu, lakini tulilia

Leo nawaelezea kitu ambacho nilipata haya kukisema hata mbele ya walimu wenzangu: paka wetu alikufa, nami nililia.

Tulimleta nyumbani miaka mitatu iliyopita kwa sababu ya panya. Kwetu Kadutu, hapa Bukavu, nyumba zimebanana mlimani, na panya wanahama kutoka kwa jirani hadi kwa jirani. Paka alikuja kwa kazi, akabaki kama mtu wa jamaa. Binti yangu wa miaka 8 alimwekea vichwa vya sambaza kila jioni. Mimi nafundisha watoto zaidi ya 70 katika darasa moja. Usiku, umeme ukikatika, nasahihisha daftari kwa tochi huku nikiwaza unga, makala na kodi ya nyumba. Paka alikuwa anakuja kulala juu ya miguu yangu. Hakuniomba kitu, na moyo ulikuwa unatulia kidogo.

Kisha nilikosea. Panya walizidi kula unga wetu, nikanunua sumu sokoni. Nyingine ya sumu hizo haiui papo hapo: inazuia damu kuganda, na panya anaendelea kutembea siku kadhaa akiwa amelegea. Paka anamkamata kwa urahisi, na sumu inamwingia yeye pia. Hilo sikulijua. Siku moja asubuhi nilimkuta nyuma ya bidoni za maji, amekwisha kufa.

Binti yangu alilia sana. Nikamkaripia: “Nyamaza! Ni paka tu. Kuna watoto waliopoteza wazazi vitani, wewe unalilia paka?” Akanyamaza. Lakini usiku nilimsikia analia ndani ya blanketi. Mimi jikoni nilikuwa nalia vilevile, nikijitukana: wewe ni mama wa namna gani? Umesoma bure.

Jumamosi, kwenye likelemba, mama mmoja mzee aliona uso wangu akaniuliza kuna nini. Nilipomaliza kueleza, hakucheka. Alisema: “Mwalimu, kama mimi ndiye ningeweka ile sumu, ungeniambia nini?”

Nikajibu: “Ningekuambia, mama, haukujua. Ulikuwa unalinda chakula cha watoto.”

“Basi, na wewe jiambie vile.”

Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Kristin Neff, aliandika mwaka 2003 juu ya kujihurumia. Anataja mambo matatu: kujisemesha kwa upole badala ya kujitukana, kukumbuka kwamba kukosea na kuumia ni vya watu wote, na kutazama uchungu wako jinsi ulivyo, bila kuuficha wala kuuongeza. Mama yule alinifundisha yote matatu kwa swali moja.

Lakini kujihurumia si kujitetea. Kosa langu linabaki kosa. Sumu haiingii tena nyumbani mwangu, maana hata mtoto mdogo angeweza kuiokota. Unga sasa unakaa ndani ya ndoo yenye kifuniko.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Nilimwita binti yangu nikamwambia ukweli: mimi ndiye niliyeweka sumu, tena sikufanya vizuri kukunyamazisha. Akanitazama: “Mama, kumbe na wewe ulilia?” Nikasema ndiyo. Tukaenda pamoja kuweka jiwe chini ya avoka, pale tulipomzika paka.

Ni kweli, katika jimbo letu watu wamezika wapendwa wao, na paka si mtu. Lakini kama mwalimu naona hivi: mtoto anayenyamazishwa akilia paka atajifunza kunyamaza. Siku atakapopatwa na jambo kubwa, njiani au masomoni, atanyamaza pia, na sisi hatutajua.

Wamama, tukikutana kwenye kikundi wiki hii, kila mmoja akumbuke neno baya alilojiambia: kwa ajili ya chakula kilichoungua, deni, mtoto aliyeshindwa mtihani. Ajiulize kama angemwambia rafiki yake neno lile. Kama hapana, basi na yeye asijiambie.

Nawatakia wiki njema, ninyi na watoto wenu, pamoja na wanyama wanaolala karibu na moto wenu.