Meko ya Moto Katika Nyumba ya Mbao

Eldoret ipo kwenye uwanda wa Uasin Gishu, kimo cha karibu mita 2,100 juu ya bahari, na baridi ya mwezi Julai huwafanya wengi wenye nyumba za mbao na mabati kufikiri kujenga meko yenye dohani. Wazo hilo si baya, lakini nyumba ya mbao si ya mawe. Meko ya matofali ni mazito mno kwa sakafu ya mbao. Yahitaji msingi wake uliochimbwa ardhini. Dohani nayo lazima iwe mbali na mbao za ukuta na dari. Tena joto jingi la moto wa wazi hutoroka juu pamoja na moshi, na kuni si bure. Kwa nyumba ndogo lafaa zaidi jiko la chuma lenye bomba la kutoa moshi nje.

Asiyeimudu gharama hiyo asiingize jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Makaa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Ni heri kununua blanketi la pili.