Gesti Yenye Milango Mingi Kuliko Vyumba

Leo sungura na fisi wamepumzika. Nawasimulia habari za kalkuleta.

Mchimbaji aliye chini kabisa katika mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, Tanzania, haoni jua wala mlima wa kumwonyesha alipo. Anayejua ni sovea, mpimaji wa mgodi, anayepima pembe na umbali kutoka alama hadi alama, kisha anapiga hesabu. Siku hizi hesabu hizo ni za kompyuta. Zamani, masovea wengi duniani walitumia kalkuleta inayofundishika: unaiandikia hatua za hesabu mara moja, nayo inazifuata kila unapoiamuru. Mashuhuri kati yake ilikuwa HP-41C ya mwaka 1979.

Shida ya kalkuleta hizo ilikuwa kumbukumbu ndogo, kwa hiyo ziliwekewa matundu ya kuchomekea nyongeza. HP-48SX ya mwaka 1990 ilizaliwa na kilobaiti 32 tu, lakini iliweza kupokea kadi ya kilobaiti 128, yaani baiti 131,072. Picha moja ya simu yako haienei humo! Lakini kwa sovea, humo zilienea alama nyingi mno za mgodi.

Kadi hizo sasa zimezeeka, na wapo watu wanaozitumia bado. Je, utajuaje kama kadi ni nzima?

Fikiria gesti ya Kahama. Mwenyewe anajigamba ana vyumba 128, na kweli milango 128 yenye namba unaiona. Kumbe ndani vyumba ni 32. Mlango wa 33 unakuingiza chumba kilekile cha mlango wa 1! Ukimlaza mgeni mmoja na kumgongea papo hapo, utamkuta, utasema gesti nzuri. Mwenye gesti atacheka. Kadi nayo inaweza kudanganya hivyo: milango ni namba za baiti, vyumba ni baiti zenyewe.

Jaribio la kwanza ni kuandika 01010101 katika kila baiti na kuisoma, kisha kugeuza, 10101010, na kuisoma tena. Hapo kila biti, yaani kila tarakimu ya baiti, inalazimika kuwa 0 na kuwa 1, na iliyokwama itajulikana. Lakini ule ujanja wa milango haukamatiki hivyo, kwa sababu wageni wote wanafanana. Hata ukikuta mwingine chumbani, utamwona ni yuleyule.

Basi mpe kila mgeni namba. Baiti moja inabeba 0 hadi 255. Wengi wangehesabu 0 hadi 255 na kuanza upya. Hapo ndipo wanapodanganyika! Kilobaiti 32 ni baiti 32,768, na 32,768 inagawanyika kwa 256 bila baki, kwa hiyo baiti ya kwanza kabisa na ile iliyo hatua 32,768 mbele zinapewa namba ileile, 0. Mjanja anaanza hesabu upya kila baada ya hatua 251, namba tasa. Akimaliza kujaza kadi yote, anarudi kwenye baiti ya kwanza. Kadi ya kweli itajibu 0. Ile yenye kilobaiti 32 zilizovishwa milango ya 128 itajibu 163, kwa sababu aliyeingia mwisho amemfuta wa kwanza. Huyo wa mwisho yuko hatua 98,304 mbele, yaani 32,768 mara tatu. Chukua kalkuleta yako: gawanya 98,304 kwa 251, tazama baki.

Mnaona siri? Jaza kwanza kadi nzima, ndipo uanze kuuliza. Anayeandika na kusoma papo hapo hajapima ukubwa wa kadi.

Limebaki la betri. Kadi ya HP-48 ina betri ndogo ya kitufe inayolinda kumbukumbu ikichomolewa. Zima kalkuleta, chomoa kadi, ilaze usiku kucha, irudishe, usome tena. Ukibadili betri ya kadi, kadi iwe imechomekwa na kalkuleta imewashwa. Betri za kalkuleta yenyewe hubadilishwa ikiwa imezimwa. Ukichanganya mambo hayo mawili, kazi yote inaweza kufutika.

Hizi si habari za wazee peke yao. Memori kadi bandia za simu hutumia ujanja uleule: juu imeandikwa gigabaiti 128, ndani kuna 8, na simu inaamini ilichoambiwa. Utapiga picha za harusi nzima, kisha uzikute za mwanzo zimeharibika. Ipo programu ya bure ya kompyuta, H2testw, inayojaza kadi yote kisha inaisoma. Kwa hiyo ukinunua memori kadi, iwe Shinyanga mjini au sokoni Geita, dai risiti, ijaribu mpaka ijae, na usifute picha zako kwenye simu kabla ya hapo.