Kabla ya winchi, koleo

Anayeandaa gari la fowili kwa safari ya Ugalla, hifadhi ya taifa tangu 2019, kwa kawaida huanza na vinavyoonekana: ngao ya chuma mbele, winchi, taa juu ya paa. Mimi naona aanzie chini ya gari. Msitu wa miombo umejaa visiki vilivyofichwa na nyasi, navyo hupasua ubavu wa tairi au kutoboa sampu ya oili. Bamba la chuma chini ya injini na tairi ngumu za akiba, mbili si moja, huokoa safari kuliko taa kumi. Kiangazi, mbegu za nyasi huziba rejeta hadi injini ichemke, na nyasi kavu zikinasa kwenye ekzosi huweza kuwaka. Wavu mbele ya rejeta ni bei ndogo.

Watasema winchi ndiyo mkombozi wa anayesafiri peke yake. Kweli, penye mti. Lakini masika gari hunasa hasa kwenye mbuga za udongo mweusi, ambako mti wa kufungia waya huwa mbali. Hapo utazika tairi la akiba liwe nanga, na kulizika kunataka koleo. Tena ngao na winchi huongeza kilo nyingi mbele, na pua nzito huzama upesi. Nunua koleo, mbao za kuweka chini ya tairi, pampu ya upepo na mkanda wa kuvutia; winchi ifuate, pesa ikibaki.