Tsavoriti, Johari ya Nyikani

Tsavoriti ni johari ya kijani, ambayo wajuzi wa vito huihesabu kuwa adimu kuliko zumaridi yenyewe, na ambayo kwa kudura ya Mola machimbo yake mashuhuri yako Tanzania, Kenya na kisiwa cha Bukini.

Asili yake ni tope. Zamani za kale, katika bahari iliyokwisha kutoweka, mabaki ya viumbe yalituama pamoja na chokaa na madini ya vanadiamu. Kisha, yapata miaka milioni 600 iliyopita, mabara yalipogongana, tope lile lilizikwa chini sana, likapikwa kwa joto na mgandamizo hata likawa mwamba wa kinywe, mweusi wa kuchafua vidole, na ndani yake vanadiamu ikaitia garneti, ambayo ndiyo tsavoriti, rangi ya majani mabichi. Lakini nguvu iliyoiumba ndiyo pia iliyoivunja. Mchimbaji wa Kasigau, Kenya, au Merelani, Tanzania, apasuapo bonge la jiwe mfano wa kiazi, aghalabu hukuta kijani kimejaa nyufa, kikamomonyoka kiganjani, hata kito safi cha karati mbili kikawa tunu.

Mwaka 1967 mwanajiolojia Campbell Bridges, mzaliwa wa Uskoti, aliivumbua tsavoriti huko Lemshuko, Simanjiro, Tanzania. Kisha akaufuata mwamba ule ule kuvuka mpaka, akaipata tena katika nyika ya Taita, Kenya. Kampuni ya vito ya Tiffany ya New York ilipoitangaza mwaka 1974, ilikwisha pewa jina la Tsavo ya Kenya, nami naona ni haki Simanjiro nayo itajwe kila itajwapo johari hii. Bridges mwenyewe aliuawa karibu na Voi, Agosti 2009, katika ugomvi wa machimbo.

Ama thamani yake, zumaridi nyingi hutiwa mafuta ili kusitiri nyufa, na yakuti nyingi huchomwa moto ili rangi ikolee. Tsavoriti kwa desturi haitiwi kitu, huchongwa tu ikavaliwa, na mng'ao wake huishinda zumaridi. Bei ya kila karati hupanda mno jiwe lizidipo karati mbili. Kwa hiyo mchimbaji aliyejaliwa jiwe kubwa asimwachie dalali alikadirie kwa macho pale mlangoni pa shimo, bali alipime kwanza kwa mizani.