Sekunde Nane Zilizotutoa Mashindanoni

Tangu mechi ile kuna wanaoniita "Bwana Vidole" kila nipitapo langoni asubuhi. Sina budi kushika kalamu nijieleze.

Kandanda si kama mpira wa vikapu, ambako kipenga kikilia saa nayo husimama. Kwetu saa yaenda tu, hata mpira ukiwa umeingia kwenye miba. Refa ndiye mwenye saa, na sheria ya saba yamtaka arudishe muda uliopotea kwa majeruhi, kwa kubadilisha wachezaji na kwa wale wanaochelewesha makusudi. Lakini mara nyingi hukisia. Ukipoteza dakika nne naye akarudisha mbili, mbili zilizobaki ni zako.

Mbinu zenyewe mnazijua. Beki akazwa na misuli ghafla, na akishatolewa nje apona papo hapo! Anayebadilishwa alikuwa akivuka uwanja mzima kwa mwendo wa bibi harusi, mpaka 2019 sheria ilipomtaka atokee kwenye mstari ulio karibu naye. Beki na kipa walikuwa wakirudishiana mpira, kipa akiudaka kila mara, mpaka 1992 alipokatazwa kuudaka akirudishiwa kwa mguu.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha Kombe la Dunia la 1982 kule Hispania. Ndugu zetu wa Aljeria waliwafunga Ujerumani Magharibi 2-1, wakamaliza mechi zao tatu, wakabaki kungoja. Kesho yake, 25 Juni, mjini Gijón, Ujerumani Magharibi wakapambana na Austria. Wajerumani wakishinda kwa bao moja au mawili, timu zote mbili zingesonga mbele. Dakika ya 10 wakafunga. Baada ya hapo ikawa pasi za kando na za nyuma hadi mwisho, na Aljeria wakafunga virago. Hakuna kifungu kilichovunjwa! Ndiyo maana tangu 1986 mechi za mwisho za kila kundi huchezwa wakati mmoja.

Lakini nami sijifanyi mtakatifu. Agosti 2025, Kenya ilipoongoza Moroko 1-0 pale Kasarani katika CHAN, na kipindi chote cha pili tukiwa wachezaji kumi, nilikuwa nimebanana na watu mbele ya televisheni sokoni Kimana. Kila mpira ulipotoka nje tulipiga makofi.

Sasa turudi kwa mechi yetu. Tulikuwa mbele 1-0, na sare ingetutoa mashindanoni. Zikiwa zimebaki dakika chache, nikadaka krosi, nikaulalia mpira, nikainuka polepole kama mzee. Kapteni akanipigia kelele, "Tulia nao, kipa!" Nikatulia. Mara refa akainua mkono, vidole vitano. Nikasema moyoni, ala, zimebaki dakika tano! Nikazidi kutulia.

Kumbe zilikuwa sekunde. Tangu Julai 2025 kipa ana sekunde 8 za kukaa na mpira mikononi, na refa huhesabu tano za mwisho kwa vidole. Zamani, tangu 2000, zilikuwa 6, na adhabu ilikuwa mkwaju usio wa moja kwa moja, tena karibu na goli. Marefa waliiona nzito mno, wakawa wanafumba macho. Sasa adhabu ni kona tu, na kwa kuwa ni nyepesi, refa haoni taabu kuitoa.

Kona ikapigwa, mtu akaruka, kichwa, wavuni. 1-1.

Garini hakuna aliyenisemesha mpaka tukafika Kimana. Tulipokuwa tukishuka, mwalimu wa michezo akanivuta kando, akaniuliza vile vidole nilidhani ni vya nini. Nikamwambia, dakika tano, mwalimu. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka, akasema hata yeye alidhani hivyo hivyo.