Kwa nini seli ya damu hujipinda mithili ya mundu

SELI nyekundu ya damu iliyo nzima ni laini mno. Hujikunja, hupenya mishipa iliyo myembamba kuliko upana wake, kisha hurejelea umbo lake la kisahani.

Kwa mgonjwa wa selimundu, maradhi yanayopatikana kwa wingi Nyanza, Magharibi na Pwani, ulaini huo hutoweka. Mnamo 1949, Linus Pauling na wenzake nchini Marekani walibainisha kuwa kasoro imo katika himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Badiliko dogo tu limeiachia sehemu inayonata. Inapoachilia oksijeni, molekuli zake hushikana zenyewe kwa zenyewe, pasipo kuamrishwa na chochote, zikawa nyuzi ndefu na ngumu. Nyuzi hizo ndizo huisukuma seli kutoka ndani hadi ikapindika, ikakwama mishipani na kuzua maumivu makali.

Nyuzi huchukua muda kidogo kuanza kuundwa. Muda huo hupungua sana himoglobini inaposongamana. Mwili ukikosa maji, seli nayo hunywea, na nyuzi huwahi kuundwa kabla damu haijarudi mapafuni kuchukua oksijeni. Ndiyo sababu madaktari humhimiza mgonjwa anywe maji kwa wingi, shauri linaloweza kudhaniwa kuwa dogo. Dawa ya haidroksiyurea nayo huuchochea mwili kutengeneza himoglobini ya aina aliyo nayo mtoto tumboni, ambayo huzuia nyuzi hizo kuungana.