Nairobi–New York: Nauli haipimwi kwa kilomita

MFANYABIASHARA anayekata tiketi ya Nairobi hadi New York huulizia nauli kwanza, kisha umbali. Lakini umbali peke yake haumwambii atatumia saa ngapi njiani, wala kwa nini tiketi moja ni ghali kuliko nyingine.

Kwa njia fupi kabisa, uwanja wa Jomo Kenyatta na ule wa John F. Kennedy umetengana kwa karibu kilomita 11,800. Shirika la Ndege la Kenya lilipoanza safari ya moja kwa moja Oktoba 28, 2018, kwa Boeing 787-8 yenye viti 234, lilipanga saa 15 za kwenda na saa 14 za kurudi. Tofauti hiyo huletwa na upepo. Kimo cha kilomita 10 hivi juu ya Atlantiki huvuma upepo mkali kutoka magharibi. Anayekwenda Marekani hupambana nao, anayerudi husukumwa nao.

Saa ya mkononi nayo hudanganya. Anayeondoka Nairobi saa 5 usiku, wakati wa baridi kule, hufika New York saa 12 asubuhi, kana kwamba alisafiri saa saba tu. Mwili wake unajua kuwa nyumbani ni saa 8 mchana.

Je, kuunganisha ndege kunaongeza umbali kiasi gani? Kupitia Amsterdam ni kama kilomita 12,500, yaani ongezeko la 700 hivi, ambalo ndege hulimaliza kwa muda usiofika saa moja. Kinachokula muda ni kushuka, kusubiri na kupaa tena. Asubiripo saa nne tu, safari nzima hupita saa 20. Kupitia Dubai ni habari nyingine: jumla hukaribia kilomita 14,600, na kipande cha Dubai hadi New York peke yake ni kilomita 11,000, karibu sawa na safari nzima ya moja kwa moja.

Hapo mtu angedhani njia fupi ndiyo rahisi kwa shirika. Sivyo. Matangi ya Boeing 787-8 yakijaa hubeba lita 126,000 hivi za mafuta, yaani karibu tani 100, na ndege yote hairuhusiwi kupaa ikizidi tani 228. Sehemu ya mafuta hayo huchomwa kwa kazi ya kubeba mafuta mengine. Anayetua Amsterdam hujaza kidogo kidogo, hivyo hapati mzigo huo.

Nairobi ina tatizo lake pia. Uwanja uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini na za mabawa. Ndiyo maana ratiba ya usiku, hewa inapokuwa baridi, ina faida. Uzito ukizidi, si mafuta yatakayopunguzwa. Ni shehena, au viti kuachwa wazi, na abiria waliobaki ndio wanaobeba gharama.

Kurudi ni nafuu zaidi kwa shirika. New York iko karibu na usawa wa bahari, upepo uko mgongoni, na ndege inaweza kuchukua mzigo mkubwa zaidi.